Kujifunza Kiinimacho cha Karata kwa Video: Mwongozo Kamili kwa Wanaokwama Njiani

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kuna lalamiko ambalo nimelisikia kwa vijana wengi kiasi kwamba nimeona bora nilijibu kwa maandishi. Kijana hutoa simu, huonesha video ya mtu anayefanya mazingaombwe ya karata, kisha husema: "Kaka, hii nimeitazama mara ishirini. Kichwani ninayo yote. Nikishika karata zinanigomea." Mwingine hufika mbali zaidi: chumbani mikono imeshazoea, lakini siku ya kuwaonesha wenzake karata mbili zinaachana hewani, na mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake kimya anauliza, "Mjukuu wangu, hiyo ya pili ulikuwa unaipeleka wapi?" Mjukuu huyo niliwahi kuwa mimi, na swali lile sijalisahau.

Nimewauliza wengi wanajifunzaje, na karibu wote hufanya jambo lilelile. Hucheza video kuanzia mwanzo hadi mwisho huku karata zikiwa mkononi, hujaribu kwenda sambamba na mwalimu, na wakichelewa huirudisha nyuma na kuanza upya. Kwa njia hiyo macho hujifunza mengi na mikono haijifunzi kitu, kwa sababu kila kidole kinapokaribia kupata mahali pake, video imeshasonga mbele. Katika mwongozo huu video hutazamwa kidogo, huandikwa daftarini, kisha huzimwa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia kiinimacho kimoja cha mfano. Mtazamaji anaoneshwa karata ya juu ya pakiti, tuseme ree ya kopa. Karata inalazwa kifudifudi, inaingizwa katikati ya pakiti, unapiga kidole, na ree ya kopa inaonekana tena juu. Siri yake ni kwamba ulipoonesha "karata ya juu" ulinyanyua karata mbili zilizoshikamana kama moja, kwa hiyo iliyoingizwa katikati ni garasa tu na ree haikuondoka juu. Walimu wa video huiita mbinu hiyo dabo lifti. Mimi nitaiita kunyanyua mbili. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi, na kwa sababu mwenye kuiweza amefungua mlango wa viinimacho vingi vinavyoitegemea.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kubonyeza video

Pakiti moja nzuri ya karata. Tafuta karata za karatasi ngumu zenye utando mwembamba juu yake, za ukubwa wa milimita 63 kwa 88, ambao ndio ukubwa unaotumiwa na walimu wengi wa video. Ziko pia karata nyembamba zaidi, za milimita 57 kwa 88. Hizo zinafaa kwa mwenye viganja vidogo, ila vidole vyako havitakaa palepale vinapokaa vya mwalimu. Iinamishe karata chini ya mwanga: ukiona vishimo vidogo vidogo vilivyopangana, hiyo ni nzuri, kwa sababu vishimo hivyo hubakiza hewa kidogo kati ya karata na karata na kuzifanya ziteleze sawasawa. Karata za plastiki tupu zinadumu na zinavumilia maji, lakini zina tabia ya kuruka na kuachana, na hilo ndilo hasa tusilolitaka hapa. Ukiweza kuchagua, chagua mgongo wenye ukingo mweupe. Karata mbili zisipolingana barabara, ukingo huo huficha kosa dogo ambalo mgongo uliojaa rangi mpaka pembeni ungelianika.

Ondoa majokari na uhesabu: lazima zibaki 52, yaani kopa, uru, shupaza na pau, kila kundi karata 13. Pakiti pungufu haiharibu kiinimacho hiki, lakini itaharibu vingine utakavyojifunza baadaye.

Boksi la pakiti na mfuko unaofungika. Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna adui ambaye mwalimu wa video hamjui. Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Karata zilizoachwa dirishani usiku mmoja hujikunja kama upinde, huvimba kingoni na kugandana tatu tatu. Mwanafunzi akidhani mkono wake ni mzito, mara nyingi ni pakiti iliyolala nje. Rudisha karata katika boksi kila umalizapo, na boksi uliweke katika mfuko wa plastiki au kopo lenye kifuniko.

Kitambaa kizito. Blanketi iliyokunjwa juu ya meza inatosha, kwani juu ya mbao tupu vidole havina pa kuzama ili kuiokota karata. Mswala usiutumie, hata kama wewe huoni ubaya, mwenye nyumba atauona.

Simu, kitu cha kuiegemeza, daftari na kalamu. Chupa ya chai inaegemeza simu vizuri kuliko vishikio vingi vinavyouzwa. Daftari si pambo, na nitaeleza kwa nini katika hatua ya tatu.

Kuna wanaopaka poda viganjani ili karata ziteleze. Inasaidia kwa dakika chache, halafu jasho la Tanga linaigeuza uji. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, basi. Na kama umetoka kula mihogo ya kukaanga, nawa mara mbili.

## Hatua ya 1: Chagua video moja, nyingine zifunge

Video nzuri ya kufundishia ina dalili nne. Kiinimacho huoneshwa kwanza kikiwa kamili, kama mtazamaji anavyokiona. Mikono huoneshwa kwa pembe mbili angalau, moja ya mtazamaji na nyingine ya mwenye kushika karata. Picha haikatwi pale tendo la siri linapofanyika. Na mwalimu hueleza sababu ya kila tendo, si jina lake pekee.

Dalili ya tatu ndiyo ya kupima kwa ukali. Ukiona picha inaruka kutoka "karata imeingia katikati" hadi "karata iko juu" bila mikono kuonekana kati ya hapo, funga. Huenda hicho ni kiinimacho cha mhariri wa video, na hakuna kidole kitakachokiweza.

Baada ya kuchagua, usichanganye walimu. Mmoja hushika pakiti kwa ncha za vidole, mwingine huizamisha kiganjani. Mmoja hugeuza karata kwa upande mrefu, mwingine kwa upande mfupi. Ukichukua nusu huku na nusu kule utapata mshiko ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Mwalimu wa pili mtafute utakapokuwa umemwelewa wa kwanza.

## Hatua ya 2: Itazame mara moja kama mtazamaji

Weka karata chini. Tazama sehemu ya onesho tu, mara moja, kwa mwendo wake wa kawaida, kisha simamisha na uandike kile ambacho mtazamaji anaamini amekiona, bila kutaja siri. Kwa mfano wetu sentensi tatu zinatosha: Ree ya kopa ilikuwa juu. Ikaingizwa katikati. Ikarudi juu.

Zoezi hili linaonekana la kitoto na wengi huliruka. Lakini sentensi hizo tatu ndizo bidhaa unayouza, na kila tendo la mkono utakaloongeza baadaye litapimwa kwa swali moja: je, linamsaidia mtazamaji kuamini mojawapo ya sentensi hizi, au linamtia shaka? Mpe mtu wa nyumbani asome ulichoandika. Akielewa bila kuona video, endelea.

## Hatua ya 3: Ikate video vipande na uiandike

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo hapa tutakaa.

Kwanza, ipakue video ili usipoteze bando kwa kuirudia, na uchague ubora wa picha wa 480 au 720. Najua 144 inaokoa bando, lakini kwa ubora huo vidole huwa ukungu, na pengo la milimita mbili kati ya karata halionekani kabisa. Kama bando ni tatizo, pakua sehemu yenye Wi-Fi, ukaifanyie kazi nyumbani.

Pili, hakikisha unajua mkono upi ni upi. Mwalimu anayekutazama usoni ana mkono wa kushoto unaoonekana upande wako wa kulia, na mwanafunzi asiyelifikiria hilo huishia kujifunza kinyume. Zaidi ya hapo, video nyingine zimegeuzwa na kamera ya mbele ya simu, kama picha ya kiooni. Namna ya kutambua ni rahisi: tazama tarakimu 2 au 7 iliyo pembeni mwa karata. Karata za kawaida zina alama zake pembe ya juu kushoto na pembe ya chini kulia. Ukiona alama iko juu kulia na tarakimu imeandikwa kinyumenyume, video imegeuzwa. Andika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa: MKONO WA PAKITI NI UPI. Ukitumia shoto, badilisha kila kitu tangu mwanzo, usibadilishe katikati.

Tatu, punguza mwendo. Katika YouTube unaweza kushusha mwendo hadi 0.25, yaani robo, na tendo la nusu sekunde litachukua sekunde mbili kamili. Kugonga upande wa kushoto wa skrini mara mbili hurudisha nyuma sekunde 10. Mwenye kompyuta ana faida zaidi: akisimamisha video, kitufe cha nukta husogeza picha moja mbele na kitufe cha mkato hurudisha picha moja nyuma, na hapo hakuna kidole kinachoweza kujificha.

Nne, zima sauti na uandike. Walimu wengi hufundisha kwa Kiingereza na kwa kasi, na mwanafunzi anayehangaika na maneno husahau kutazama. Chora safu tano: muda, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, macho, mdomo. Kila tendo linapobadilika, simamisha na ujaze. Ukurasa wangu wa kiinimacho hiki una maandishi ya namna hii:

- 1:14. Kushoto: pakiti kiganjani, kidole cha mwisho kinasubiri nyuma. Kulia: gumba linanyanyua mbili. Macho: kwa mtazamaji. Mdomo: anamuuliza jina.
- 1:17. Kushoto: pengo limeshikwa. Kulia: inalainisha kingo na kuondoka. Macho: bado kwa mtazamaji. Mdomo: anacheka.
- 1:20. Kushoto: haisogei. Kulia: inageuza. Macho: yanashuka kwenye karata. Mdomo: "Ree ya kopa."

Tazama safu ya nne. Tendo la siri lilifanyika dakika ya 1:14, wakati mwalimu akimtazama mtu machoni na kumuuliza jina, nayo macho yake hayakushuka mpaka siri ilipokwisha. Mwanafunzi anayetazama video bila kuandika huona kugeuza kwa 1:20 na kudhani ugumu uko hapo. Ugumu ulishapita sekunde sita nyuma, na hakuuona kwa sababu naye alikuwa akimtazama mwalimu usoni.

Baada ya hapo irudishe sauti, sikiliza mara moja, ongeza ulichokosa, kisha zima simu. Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kueleza kila tendo kwa kusoma daftari peke yake. Ukilazimika kuifungua video ili kukumbuka, kuna mstari haujauandika.

## Hatua ya 4: Geuza karata moja ya kweli

Kabla ya kunyanyua mbili, nyanyua moja. Shika pakiti katika mkono wa kushoto: migongo ikitazama juu, gumba limelala ukingo wa kushoto, kidole cha shahada kiko mbele, na vidole vitatu vilivyobaki vinashika ukingo wa kulia. Ncha za vidole hivyo zisichomoze juu ya pakiti kama uzio.

Sasa igeuze karata ya juu, moja tu, kama ungefanya ukitaka kumwonesha rafiki. Rudia mara ishirini, bila siri yoyote, na ujichunguze. Unaishika pembe ipi? Kwa vidole vingapi? Inalala wapi ikishageuka? Iandike hiyo nayo.

Sababu ya hatua hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kunyanyua mbili kunapaswa kufanana na kunyanyua moja, na mtu asiyejua yeye mwenyewe hunyanyuaje moja hana cha kufananisha. Nimeona vijana wenye kugeuza mbili kwa ufundi wa kupendeza, vidole vikizunguka kama wacheza ngoma, halafu dakika moja baadaye wanageuza karata ya kawaida kwa namna tofauti kabisa. Mtazamaji hahitaji kujua siri. Akishaona namna mbili, anajua kuna jambo.

## Hatua ya 5: Pengo

Pengo ni nafasi ndogo inayoshikwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, chini ya karata mbili za juu, ili ukifika wakati wa kuzigeuza usihesabu tena.

Mkono wa kulia uje juu ya pakiti kama unaolainisha kingo: gumba ukingo mfupi wa nyuma, ulio karibu nawe, na vidole vingine ukingo mfupi wa mbele. Gumba liinue karata ya kwanza kidogo kwa nyuma, kisha ya pili. Utaisikia kila moja ikiachia kwa mguso mdogo. Hapohapo nyama ya ncha ya kidole cha mwisho iingie chini ya zote mbili, kwenye pembe ya nyuma kulia. Gumba liziachie zilale juu ya kidole. Mkono wa kulia upite mara moja juu ya kingo, uondoke.

Iingie nyama tu, sio kidole kizima. Pengo likizidi unene wa sarafu, litaonekana kwa mtu aliyekaa kulia kwako. Kwa mbele lisionekane hata kidogo. Ikiwa mbele pia kuna mwanya, kidole cha shahada hakikandamizi.

Fanya hivi polepole, kwa dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni. Saa mbili mfululizo hazifai kitu: baada ya nusu saa vidole huchoka, vikichoka hukaza, na mkazo huo ndio utakaoukariri. Siku chache za mwanzo gumba litanyanyua tatu au moja, na hilo ni la kawaida. Hesabu kwa kuzitazama baada ya kila jaribio, si kabla. Utakapopata mbili kamili mara ishirini mfululizo bila kutazama mikono, songa mbele, hata kama imechukua wiki mbili.

## Hatua ya 6: Kugeuza mbili, kwenda na kurudi

Gumba la kulia liwe juu na kidole cha shahada chini, kwenye pembe ileile ya nyuma kulia yenye pengo. Zishike karata mbili kwa pamoja na uzigeuze kuelekea kushoto kama unayefunua ukurasa, zilale juu ya pakiti nyuso zikiwa juu. Ree ya kopa inaonekana. Garasa limejificha chini yake.

Kosa linalowakuta wengi liko katika sekunde inayofuata. Karata zikishalala, kidole cha mwisho hujisahau na kujiondoa, pengo linafungwa, na sasa mtu hajui tena mbili zake zinaishia wapi. Kiache kidole mahali pake, karata zilale juu yake. Ukitaka kuzirudisha, pengo linakusubiri.

Zigeuze tena kifudifudi kwa njia ileile. Garasa sasa liko juu kabisa, ree iko ya pili. Hapo ndipo kidole cha mwisho kinaruhusiwa kuondoka. Kwa gumba la kushoto isukume karata ya juu kulia, ichukue, na uiingize katikati kutoka mbele, ibaki nusu nje, kisha mwombe mtazamaji aisukume mwenyewe. Mtu aliyeisukuma karata kwa kidole chake hatakubali kirahisi kwamba haikuwa yenyewe.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: unapoiingiza karata hiyo, uso wake uelekee chini kabisa, ukingo wa mbele ukiwa umeinama kidogo, kwa sababu watoto waliokaa mkekani wanaona kutoka chini na hawana adabu ya kunyamaza. Ya pili ni upepo. Niliwahi kukionesha kiinimacho hiki ufukweni Raskazone jioni ya kusi, nikageuza kwa madaha, na upepo ukazifunua zile mbili kama kurasa za msahafu uliosahauliwa dirishani. Nje fanya ukiwa umeupa upepo mgongo, na ugeuze karata zikiwa karibu na pakiti, zisipande hewani.

Dalili ya kufaulu ni mlio. Karata mbili zilizoshikana vizuri hulala kwa mlio mmoja. Zikilia mara mbili, ziliachana njiani hata kama hukuona.

## Hatua ya 7: Kamera badala ya kioo

Kioo kina kasoro isiyosemwa sana. Wanaojifunza wengi hupepesa macho wakati uleule wa tendo la siri, bila kujijua, kana kwamba mwili wenyewe hautaki kushuhudia. Kwa hiyo wanaona mazoezi safi kiooni, kosa likipita wakiwa wamefumba. Kamera haipepesi.

Egemeza simu kwa urefu wa macho ya mtu aliyekaa mbele yako, rekodi mara tano, kisha tazama kwa mwendo wa kawaida na sauti ikiwa imezimwa. Jiulize: kama nisingejua siri, ningetazama wapi? Kisha sogeza simu kulia, halafu kushoto, halafu chini. Utagundua upande mmoja ni dhaifu, na kwa kiinimacho hiki karibu daima ni upande wa kulia nyuma, lilipo pengo. Sasa unajua usimweke nani hapo.

Na angalia mabega. Yakipanda wakati wa kushika pengo, watu wataona mabega kabla ya kuona mkono.

## Hatua ya 8: Maneno

Usikariri maneno ya mwalimu wa video. Hayakutungwa kwa watu wako. Unahitaji mambo mawili tu: swali la kuuliza wakati pengo linashikwa, na sababu ya karata kupanda juu. Swali liwe la kujibika kwa neno moja, kwa mfano "Jina lako nani?" au "Mtaa gani, Barabara ya ngapi?" Anayejibu hukutazama usoni, na hapo vidole vyako viko huru.

Sababu yangu ni daladala. Ninasema ree hii ni kama abiria asiyekubali kukaa kiti cha nyuma: konda anampeleka nyuma, ukigeuka yuko mlangoni. Wanacheka, na katika kicheko hicho ninafanya tendo la pili. Tafuta yako.

Jambo jingine lihusulo mji huu. Watani wetu wa bara wametubebesha sifa ya uchawi, na wapo watakaokuuliza, nusu kwa mzaha nusu kwa kweli, unatumia nini. Jibu waziwazi kwamba ni mchezo wa mikono. Usijidai majini wala nguvu. Na usikubali dau, hata la soda: watu hapa wanawajua wale wa karata tatu wanaowaliza wasafiri stendi, na ukiweka pesa mezani umejiweka kundi lao. Kama kuna mzee ambaye karata kwake ni kamari kwa namna yoyote, mwamkie, zirudishe mfukoni, uzitoe kwingine.

## Hatua ya 9: Mbele ya watu

Anza na mtu mmoja, kisha watatu. Mtu wa kwanza asiwe ndugu yako wa damu, kwani dada na kaka hawatazami kiinimacho, wanakutazama wewe ukikosea. Simama au kaa ili wote wawe mbele yako.

Je, kirudiwe? Kanuni ya jumla ni kutorudia, kwa kuwa mara ya pili mtazamaji anajua pa kutazama. Kiinimacho hiki ni cha pekee kwa sababu kurudia ndiyo ladha yake. Harry Houdini, mwanamazingaombwe mashuhuri aliyejigamba kuwa akioneshwa kiinimacho cha karata mara tatu angeking'amua, alishindwa na Dai Vernon, bingwa wa karata, mwaka 1922 huko Chicago kwa kiinimacho cha aina hii hii. Hata hivyo Vernon alikuwa Vernon. Wewe ishia mara mbili, weka pakiti katika boksi, agiza kahawa.

Siku karata zikiachana, usiombe radhi na usieleze. Ziangushe zote mbili juu ya pakiti, changanya, mpe mtazamaji akate, na uanze jambo jingine kana kwamba hicho hakikuwa kiinimacho bado; mtu ambaye hukumwahidi kitakachotokea hana cha kukudai. Ukifika nyumbani fungua daftari, tafuta mstari uliokuangusha, urudie huo peke yake kesho asubuhi. Video usiifungue, isipokuwa mstari huo haupo.